Nikikaa, Miguu Inaniishia

Haya namwandikia mtu nisiyemjua. Huenda uko Kitura, huenda uko Songea, huenda uko mbali zaidi. Umetoka shambani mzima, umechimba vizuri, umeketi upumzike kidogo, na ulipotaka kuinuka ukakuta mapaja hayakusikii. Hayaumi. Hayajafa ganzi. Ukiyafinya unasikia mfinyo. Ila ukiyaamuru, kimya. Na watu wa nyumbani wamesimama pembeni wanasema unajifanya. Wewe ndiye ninayekuandikia. Wengine wakisoma, wasome. Na watakaokuta majina yao humu, wayakute. Mimi niliishia darasa la nne, sijui kuzungusha maneno.

Kwetu ni Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa. Baba yangu alikuwa mtu asiyekaa. Akitoka kwenye kazi nzito anazunguka nyumba, anakwenda mpaka kwa jirani, anarudi, anazunguka tena, hata chakula anakula akitembea na kipande cha ugali mkononi. Watu walimwita Mzee Doria. Sisi watoto tulicheka, mama alinuna, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Amekufa bila kuulizwa. Mimi mwenyewe utotoni nililegea mara mojamoja, hasa asubuhi kabla ya kula, lakini Mbaha kuna joto, na mtoto wa kule hatulii. Ikapita hivyohivyo.

Kisha nikaolewa mlimani. Mume wangu Kandidus alikuwa Mmatengo wa Kitura, mpole, mwenye kahawa yake nzuri. Sina neno baya kwa kahawa yake. Ila baridi ya kule, ndugu yangu! Mwezi wa sita ukiingia, ukungu unalala mpaka kwenye kizingiti. Nikinawa uso alfajiri, kope zinabaki zimeganda, natazama watu kama niliyeona mzimu. Nikishika mpini wa jembe, vidole vinagoma kuachia. Mama mkwe akanicheka: "Mkamwana, hilo jembe umeliposa?" Nikacheka naye. Wakati huo tulikuwa bado tunacheka.

Asiyezijua ngolo zetu nimweleze. Mvua za masika zikikaribia kwisha, wanaume wanafyeka majani na kuyapanga miraba kwenye mteremko. Wanawake tunakuja nyuma, tunachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo. Mlima mzima unabaki na mashimo kama sega la nyuki. Ni kazi ya mgongo na mapaja, na inafanywa kwa mstari, ukibaki nyuma unaonekana. Mimi sikubaki nyuma. Nilichimba kuwashinda wengine, na hicho ndicho kilichowaudhi baadaye, maana mtu anayechimba vile atasemaje kwamba hana miguu?

Tulipomaliza mstari tulikaa kula maharage. Nikakaa. Wenzangu wakainuka, mimi sikuinuka.

"Mama Melania, inuka, au umejipanda hapo?"

"Nakuja."

"Unakuja lini? Jua linatembea."

Shemeji yangu Desideri, mdogo wa mume wangu, alikuwa mteremko wa juu. Akapaza sauti ili kila mtu asikie: "Mwacheni! Wanyasa kazi zao zote hufanyika mtu amekaa. Amezoea mtumbwi!"

Walicheka mpaka wakashika majembe wasianguke. Mimi nilikaa pale palepale nikitazama magoti yangu kama magoti ya mtu mwingine. Jua lilipogeuka, miguu ikarudi yenyewe, kidogo kidogo, kuanzia vidole. Nikachimba tena. Hakuna aliyesema pole.

Ilikuwa hivyo miaka kadhaa, ikija na kuondoka, na ningeweza kuibeba. Iliniangusha hasa enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Ushirika wetu ulianza kuyumba, kahawa ikachukuliwa na malipo hayakuja, kisha wakaja wanunuzi binafsi na bei zao za kubadilika kila wiki. Madukani kukajaa kila kitu, na mkononi hamna kitu. Chumvi yenyewe ikawa ya kuomba. Basi mama mkwe akarudia ya zamani. Alichoma maganda ya kahawa na makapi ya maharage, akatia majivu kwenye chungu chenye matundu chini, akamimina maji juu, na yale yaliyochuruzika ndiyo tuliyopikia maharage. Yanalainika upesi na yana uchumvichumvi. Wazee walikula hivyo na hawakufa, alisema, na ni kweli hawakufa.

Mimi nilianza kuanguka kila siku. Asubuhi nilibebwa kama gunia kutolewa kitandani.

Kandidus alinipeleka zahanati. Mhudumu pale alikuwa Hilari. Namtaja. Hilari hakunigusa. Alinitazama kope, akasema, "Damu imepungua. Ale ndizi mbivu, maharage, mboga za majani. Ale sana." Nikasema, "Bwana mganga, nikishakula ndipo ninapolegea." Akamwambia mume wangu, si mimi, "Wanawake wana maneno." Kandidus, maskini, akawa anatoka mbali na mkungu begani. Alinimenyea ndizi kwa mikono yake, akanilisha na kunibembeleza, na kadiri alivyonilisha ndivyo nilivyokwisha. Nilikuwa namwona anavyonipenda na nilikuwa namwona anavyoniua, na wote wawili hatukujua.

Kisha ikawa hospitali. Sitaitaja ni ipi. Nitasema habari za benchi lake.

Benchi lile lilikuwa la saruji, limejengewa ukutani, upande usiopata jua. Unafika umetembea milima, mwili una moto, unaambiwa ukae usubiri. Kwa mtu mwingine hiyo ni huruma. Kwangu ilikuwa sumu. Nilikaa katikati ya wagonjwa, kikohozi huku, mtoto analia kule, nikausikia ubaridi unapanda kutoka kwenye saruji, ukashika makalio, mapaja, kiuno. Nikajua. Nikaanza kutikisa miguu. Ikatikisika kidogo, ikanyamaza.

"Eufrasia!" nesi aliita. Jina lake Teofila.

"Nipo, nesi."

"Kama upo si uje?"

"Siwezi kuinuka."

"Umefikaje hapa?"

"Kwa miguu."

Watu wakaangua kicheko. Hata yule wa kikohozi alicheka akakohoa. Teofila akasema, "Umekuja kwa miguu, na hapa hadi mlangoni unataka machela? Anayefuata!" Miguu ilipofunguka, daktari alikuwa ameshaondoka. Nikarudi Kitura bila kuonwa. Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu Teofila aliniona nikiingia, akawaambia wenzake, "Mwigizaji wetu amefika."

Kuna mama mmoja aliyekuwa amelaza mtoto wodini. Hakunijua. Alinivua khanga yangu iliyolowa umande, akanifunga yake iliyokuwa kavu, akasema, "Wamezoea hawa, usilie mbele yao." Sikumwona tena. Ukipata mtu kama huyo mshike moyoni, maana njia hii ina wachache.

Mara ya nne nikakataa kukaa. Nilitembea. Kutoka dirisha la dawa hadi chumba cha mizani, na kurudi. Watu wakanitazama, nikatembea tu, kama baba yangu. Nikajiambia: wakiniita leo wataniona nimesimama.

"Wewe mama, kaa!" Teofila akasema. "Unanizungusha kichwa."

"Nikikaa miguu inaniishia, nesi."

"Hapa si sokoni. Kaa, au toka nje."

Nikakaa. Ningefanyaje? Safari hii sikulegea miguu peke yake. Mikono ilikwenda, shingo ikakwenda, nikateleza kwenye benchi taratibu mpaka sakafuni, uso kwenye saruji, macho yanaona viatu vya watu. Nilikuwa nasikia yote. Teofila alisema, "Tazameni sasa!" Na ndipo viatu vimoja vikasimama mbele ya uso wangu.

Alikuwa daktari mzee, Mngoni, mwenye kofia ya sufu kwa ajili ya baridi. Jina lake silitaji. Ninaowataja ni wale wengine. Alipiga magoti palepale. Akaniinua mkono, akauachia, ukaanguka. Akanigonga goti kwa kinyundo, halikuruka. Akasema, "Huyu haigizi. Goti halijui kuigiza." Akaagiza nichukuliwe damu wakati uleule, kabla sijapona, kisha nikapewa chai nzito ya sukari kwa kijiko, na mama mmoja akawa ananikunja na kunikunjua miguu.

Nilipopata nguvu, daktari alileta beseni la maji ya baridi. Akaniambia nitie mkono, nikae kidogo, kisha nimshike vidole kwa nguvu na kumwachia. Nikamshika. Kumwachia sikuweza. Tulibaki tumeshikana mimi na yule mzee kama watu waliokutana baada ya vita, akacheka, nikacheka, kisha nikalia.

Aliniuliza nakula nini. Nikamweleza maharage, majivu, ndizi. Akafumba macho. Akauliza nani mwingine kwetu. Nikataka kusema hakuna, kisha nikamkumbuka Mzee Doria, anayezunguka nyumba na ugali mkononi. Nikamsimulia mwendo wake.

Aliyonieleza nitayasema nilivyoyashika, kama nimekosea basi kosa ni langu. Alisema mnofu wa mtu una vijilango visivyoonekana. Ubongo ukiamuru, vijilango vinafunguka, chumvi ya damu inaingia, mnofu unajikaza. Papo hapo vinatakiwa kujifunga, ili mnofu ulegee na ungoje amri nyingine. "Vyako, mama, vinafunguka vizuri," alisema. "Kasoro iko kwenye kufunga. Vingine vinabaki wazi kidogo, chumvi inaendelea kuchuruzika ndani. Mwanzoni mnofu unakakamaa, ndiyo ile mikono isiyoachia. Ikizidi, mnofu unakuwa kama mtu aliyepigiwa kelele mfululizo, hausikii tena, hata uamuru vipi." Baridi inavichelewesha kufunga. Kupumzika ghafla baada ya kazi kunavichokoza. Na majivu, na ndizi, vina chumvi ya aina nyingine, ambayo ikijaa ghafla kwenye damu inavifungua zaidi.

"Unavionaje hivyo vijilango, daktari?"

"Sivioni. Hapa hakuna mashine ya kuviona. Navisoma kwenye miguu yako. Umezaliwa navyo, umepewa na baba yako."

"Vina dawa?"

"Vina adabu," alisema. Akanipa vidonge vile wanavyopewa wenye presha, vya kukojoa. Na adabu zenyewe: nisile majivu wala ndizi, nisikae na njaa, niwe na kitu kitamu karibu, nivae nguo nzito, na nikitoka kwenye kazi nisikae, nitembee, nipunguze mwendo kidogo kidogo mpaka mwili upoe wenyewe. Nawe unayelegea mwili hivi, usichukue vidonge vyangu. Yako inaweza kuwa kinyume cha hii, alinionya hivyo, wapo wanaoangushwa na sukari yenyewe. Tafuta mtu akuone ukiwa umeanguka. Usikubali kuonwa ukiwa umepona tu.

Nilirudi Kitura kama mtu aliyefunguliwa kifungo. Kwenye mitumba nilipata sweta zito la kiume, la bluu, limetoboka kiwiko. Na sukari, nashukuru, enzi zile ilikuwa imejaa madukani. Nikawaeleza nyumbani mezani.

Desideri aliweka kijiko chini. "Ngoja nielewe, shemeji. Ugonjwa wako dawa yake ni kula sukari na kutembeatembea?"

"Ndiyo."

"Na kuvaa sweta?"

"Ndiyo."

"Basi hata mimi naumwa! Kaka, nami niandikie!"

Mama mkwe hakucheka. Alisema polepole, "Kwa hiyo chakula changu ndicho kinachokuua." Nikamwambia, "Mama, si chakula chako, ni mwili wangu." Lakini hakusikia maneno hayo, alisikia yale ya kwanza, ambayo mimi sikuyasema. Tangu siku hiyo nilipika chungu changu peke yangu. Kwa Wamatengo kutenga chungu ni kutenga undugu. Nililijua hilo. Nilichagua miguu.

Nikapata nguvu. Masika yaliyofuata nilichimba ngolo mpaka mwisho wa mstari, na wenzangu walipokaa mimi nilizunguka shamba nikitafuna muwa. Wakanipa jina lilelile la baba yangu bila kulijua: Doria.

Kisha ikawa Melania.

Mwanangu wa pekee alikuwa mdogo bado, anaanza kubeba ndoo kichwani. Niliona vidole vyake asubuhi, vinavyoganda kwenye kikombe. Nikamwambia mume wangu faraghani, "Anavyo vijilango vyangu." Akasema, "Usimtabirie mtoto." Nikamwomba mama mkwe asimpe maharage ya majivu. Akaitikia. Alikuwa anaitikia na kumpa. Kwa akili yake alikuwa anamkinga mjukuu: mama yake ni mlegevu, basi mtoto akazwe mapema, ale chakula cha wazee, aoge mtoni alfajiri.

Siku ya kuchuma kahawa, kuna ukungu, nilitoka shambani nikamkuta Melania amelala kando ya jiko la bibi yake, macho wazi, bakuli la maharage pembeni na ganda la ndizi. Desideri alikuwa amesimama mlangoni. "Ameshamwiga mama yake," alisema.

Nilimpita nikapiga magoti kwa mtoto. Nilimfunika sweta, nikampa maji ya sukari kwa ncha ya kijiko, tone baada ya tone, nikawa nakunja miguu yake na kuikunjua na kumwimbia ovyo. Mama mkwe alisimama na mwiko mkononi. Melania aliponiambia "mama" kwa sauti iliyovunjika, niliinuka nikasema mbele yao wote, "Naondoka naye. Nashuka ziwani."

"Wewe ondoka," Desideri akasema. "Mtoto ni wa ukoo."

Kikaitwa kikao. Mzee wa ukoo, Mzee Longino, akaja na fimbo yake, na wazee wengine, wakakaa kwenye viti. Mke hukaa chini, kwenye jamvi, miguu ameikunja, ndiyo heshima. Na mimi nilikuwa nimetoka kwenye kahawa muda huohuo, mwili una moto, jua limekwisha.

Nikawaamkia wote. "Shikamooni." Nikabaki nimesimama.

"Kaa, mwanangu, tuzungumze," Mzee Longino alisema.

"Naomba nisikae, baba."

Wakanong'ona. Desideri akaruka: "Mnaona? Hayo ndiyo tunayoishi nayo kila siku! Mbele ya wazee anasimama kama mzungu wa shamba!"

Nilikuwa nakanyaga palepale, mguu huu, mguu huu. Nilijua nikikaa nitalegea, watanibeba, watasema mwanamke anayebebwa atamleaje mtoto. Nikisimama, watasema sina adabu, na asiye na adabu hapewi mtoto. Nikatazama jamvi. Nikamtazama Kandidus. Alikuwa anatazama ardhi, kama siku zote.

"Nakuambia mara ya mwisho," Mzee Longino alisema. "Kaa."

Ndipo Kandidus akainuka kwenye kiti chake. Alikuwa hajawahi kusema kitu kwenye vikao, wenzake walimjua hivyo. Akasema, "Baba, akikaa hatainuka. Nimemlisha ndizi miaka miwili nikidhani namponya. Nilikuwa namwua kwa mkono huu. Huyu mtoto anaumwa yaleyale, na hapa kwetu hatutaacha kumlisha, maana hatuamini. Hata mama haamini. Hata mimi juzi sikuamini." Akanigeukia. "Mwacheni amchukue."

Desideri alianza kusema jambo. Mzee Longino akamzuia kwa fimbo, akamwita Melania, aliyekuwa amejibanza mlangoni.

"Mjukuu wangu, unaumwa nini?"

"Nikikaa, babu, nakwisha."

Mzee akamtazama sana. Akasema, "Basi usikae. Nenda."

Kandidus alitusindikiza mpaka barabarani. Yeye hakushuka nasi. Alibaki na kahawa yake na mama yake, na miaka yote iliyofuata alituma mahindi na hakuja. Hilo nimemsamehe nusu. Lori la wachuuzi wa samaki lilitupakia. Tulisimama nyuma tumeshika chuma, tunakanyagakanyaga kila linapokwenda polepole, wachuuzi wanatucheka: "Mama, ngoma ya nani hiyo?" Kadiri tulivyoteremka ndivyo hewa ilivyopata joto, mpaka nikavua sweta. Lilitushusha Lituhi, tukafuata ufukwe kwa miguu hadi Mbaha kwa Shangazi Rosa, dada yake baba.

Shangazi alitupokea mizigo, akatandika mkeka kivulini. Melania akanitazama.

"Mama, nikae sasa?"

"Bado. Zunguka nyumba kwanza. Polepole."

Akazunguka. Shangazi akashika mdomo, maana aliutambua mwendo ule. Melania alipunguza hatua, akapunguza tena, akaja, akakaa mkekani huku ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Sote tukawa tunayatazama yale magoti. Shangazi akasonga ugali wa muhogo, akaweka na usipa, dagaa wa ziwa letu, akaita watu waje kunawa.

Melania aliinuka mwenyewe. Mimi nilikuwa bado nimesimama.